Kazi ya maji ya chini ya ardhi Nairobi: nianze kwenye kampuni ya kuchimba visima au nisubiri utafiti?

Mhitimu wa Chiromo

Habari zenu wanajukwaa. Nilihitimu shahada ya kwanza ya jiolojia katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka jana, na tangu nilipokuwa mwaka wa tatu nimekuwa na hamu moja tu, nayo ni kuyaelewa maji yaliyo chini ya jiji hili na kujua yatatutosha kwa muda gani. Nilikulia Embakasi, ambako siku za mgao tulipanga mitungi ya lita 20 kando ya ukuta kuanzia saa kumi alfajiri, na mama yangu aliweza kutambua kwa kuonja tu kama maji aliyoletewa na mwenye mkokoteni yalitoka mferejini au kisimani. Yale ya kisimani aliyaita maji mazito, na hakuyapikia chai.

Sasa nimeahidiwa kazi ya mkataba katika kampuni ndogo inayochimba visima virefu. Nitakuwa nikienda na kifaa cha kupima ukinzani wa umeme ardhini, kinachosaidia kukisia palipo na maji, nichague mahali pa kuchimba, kisha niandike ripoti ya uchunguzi ambayo mwenye kiwanja huiambatanisha na ombi lake la idhini kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kinachonitia shaka ni mambo niliyoyaona nilipokuwa mafunzoni kwa miezi mitatu katika kampuni nyingine. Siku moja tulifika kwenye kiwanja cha robo ekari upande wa Ruaka, tukamkuta mwenyewe amekwisha kulipa malipo ya kwanza ya uchimbaji, tarehe ya mtambo imepangwa, na mahali pekee palipobaki wazi ni pembeni mwa lango. Tulitandaza nyaya barabarani, katikati ya kuta mbili, kwa muda usiofika saa moja. Wiki iliyofuata niliiona ripoti yenyewe, na aya nzima ya maelezo ya miamba ilikuwa ile ile niliyoisoma katika ripoti ya kiwanja cha Kitengela, upande mwingine kabisa wa jiji. Sina hakika kwamba kuna aliyesema uongo, ila hakuna aliyeuliza kama kisima hicho kilistahili kuchimbwa.

Mwalimu wangu ananishauri nisubiri nafasi ya shahada ya uzamili nijikite kwenye utafiti wa uendelevu wa maji, lakini yeye mwenyewe anakiri kwamba nafasi hizo ni chache. Nyumbani yuko mdogo wangu anayeingia sekondari mwakani, na mimi ndiye kifungua mimba. Naomba waliotangulia wanieleze: je, anayeanzia kwenye uchimbaji huweza kufika kwenye kazi ya kuyalinda maji, au huishia kuwa mtu wa kutia sahihi? Na je, mtu anaweza kuishi kwa kazi ya kuyachunguza maji haya akiwa hapa hapa Kenya?

Mpimaji wa Maji

Ndugu Mhitimu, nimeifanya kazi hii kwa miaka 26, kwanza kwenye uchimbaji, halafu serikalini kwa kipindi, na sasa ni mshauri wa kujitegemea. Nakushauri uichukue kazi hiyo, kwa sababu hakuna darasa litakalokuonyesha mwamba wa Nairobi kama utakavyouona ukitoka shimoni, kila mita mbili fungu moja la vipande, umeyapanga mafungu hayo chini kwa mstari na wewe umechuchumaa unayatazama jinsi rangi inavyobadilika kutoka kijivu hadi hudhurungi. Lakini uichukue ukiwa umekwisha kuamua jambo moja: nambari utakayoiandika itakuwa ile uliyoipima. Nitakueleza kwa nini naliweka hilo mbele ya mengine yote.

Katika mwaka wangu wa pili kazini nilikabidhiwa jaribio la kupampu kwenye kisima kipya huko Lang'ata. Unapampu kwa saa 24 mfululizo bila kubadilisha kiasi cha maji kinachotoka, huku ukipima kina cha maji kwa dipa, ule utepe wenye ncha inayolia na kuwasha taa inapogusa maji. Dakika za mwanzo unapima kila dakika, kisha unaachanisha vipimo kidogo kidogo hadi unafikia kipimo kimoja kwa saa. Tulianza saa nne asubuhi. Kufikia usiku wa manane maji yalikuwa yameshuka kama inavyotarajiwa, na kila saa yalishuka kidogo kuliko saa iliyotangulia, hivi kwamba kwenye karatasi ya grafu nukta zangu zilikuwa zikilala kwenye mstari mzuri. Kisha, karibu na saa kumi na moja alfajiri, dipa ikalia mita nne chini ya pale nilipotarajia. Nilidhani nimesoma vibaya, nikapima tena. Nikajaza pipa huku nimeshika saa ili kuona kama pampu imeongeza nguvu, nikakuta kiasi ni kile kile. Nilipotoka nje ya lango nikiwa na tochi, niliona malori ya maji yamepanga foleni kwenye kiwanja cha jirani, mita kama 300 hivi kutoka kwetu, yakijazwa kabla jiji halijaamka. Jirani alikuwa amewasha pampu yake, na visima viwili vilikuwa vikinywa kutoka bakuli moja.

Msimamizi wangu aliniambia ninyooshe mstari, kwa kuwa mteja alitaka kujua kisima kinatoa lita ngapi kwa saa, hakutaka habari za jirani. Niliandika nilichokipima. Ripoti ilipochapishwa, ukurasa wangu wa mwisho haukuwamo. Nakala ya karatasi ile ninayo hadi leo, na kisima kile kililazimika kuteremshwa pampu mara mbili katika miaka iliyofuata. Mteja aliambiwa kwamba ni ukame.

Sasa tazama kilicho chini ya ukurasa ule uliotolewa. Jiji letu limekaa juu ya tabaka za lava na majivu ya volkano yaliyogeuka jiwe, zilizomwagika wakati Bonde la Ufa lilipokuwa likifunguka, na baadhi ya majivu hayo ndiyo mawe ya kijivu tunayojengea nyumba. Katikati ya tabaka hizo kuna mashapo ya maziwa na mito ya kale, na humo ndimo maji mengi yanamokaa, ndiyo maana visima vingi vya hapa huenda chini mita 200, 300, hata zaidi. Mvua inayoyajaza maji hayo hunyesha hasa magharibi, kwenye nyanda za juu za Kikuyu, Limuru na Ngong, kisha maji husafiri polepole sana kuelekea mashariki chini ya miguu yetu. Wamaasai waliita mahali hapa Enkare Nairobi, maji baridi, na chemchemi za Kikuyu zimelihudumia jiji tangu enzi za ukoloni. Kinamasi cha Ondiri, karibu na mji wa Kikuyu, ndicho chimbuko la Mto Nairobi.

Charles Theis, mtaalamu wa maji ya ardhini wa Marekani, alitupatia mwaka 1935 hesabu ya kusoma jaribio la kupampu, na hesabu hiyo utaitumia karibu kila mwezi wa maisha yako ya kazi. Lakini makala yake ya mwaka 1940 ndiyo ninayowasomesha vijana wanaokuja kwangu. Humo alieleza kwamba maji yanayotolewa na kisima lazima yapunguke mahali fulani: ama akiba ya mwambani inapungua, ama chemchemi na mto vinapokea kidogo kuliko zamani, ama mwamba unavuta maji ya mvua ambayo zamani ulishindwa kuyapokea. Hakuna kisima kinachotoa maji ya ziada yasiyokuwa ya mtu. Kwa hiyo mtu akikuuliza kama kisima ni endelevu, kiasi cha mvua peke yake hakitakupa jibu. Muulize ni chemchemi gani, kinamasi gani au kisima cha nani kitakachopungukiwa, na kama wenyewe wameridhia. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 imeweka kila rasilimali ya maji mikononi mwa serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi. Mwenye kiwanja hana miliki ya maji yaliyo chini ya kiwanja chake, hata kama ametoa mamilioni kulifikia tabaka lenye maji, na wewe mwenye kuandika ripoti unamwandikia pia yule jirani ambaye hajakulipa.

Kuhusu utafiti, nakupa mfano wa karibu ili uone kwamba si jambo la maabara za mbali. Kule Makutapora, karibu na Dodoma, kuna eneo la visima linaloulisha mji huo, na kwa miaka 55 watu walipima kina cha maji na kukiandika. Kumbukumbu hizo zilipochambuliwa na kuchapishwa mwaka 2013, zilionyesha kwamba mwamba ule haujazwi na mvua za kawaida za kila mwaka. Maji hushuka mwaka baada ya mwaka, kisha kunakuja msimu mmoja wa mvua kubwa isiyo ya kawaida, na akiba inapanda ghafla. Mpando mkubwa kuliko yote ulitokana na zile mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998, ambazo mimi nazikumbuka kwa madaraja yaliyosombwa nilipokuwa mwanafunzi. Fikiri kama aliyekuwa na daftari angechoka baada ya miaka minane ya kuona maji yakishuka tu. Angeandika kwamba mwamba unakauka. Na kama angeanza mwaka 1998, angeandika kwamba umefurika. Wote wawili wangekosea, ingawa kila mmoja angekuwa amepima sawasawa.

Hiyo ndiyo sababu nasema utafiti na uchimbaji si njia mbili. Ukiingia kwenye kampuni hiyo, chagua visima vichache unavyoweza kuvirudia, uombe ruhusa ya wenyewe, na upime kina chake kila baada ya miezi mitatu, kampuni ikikutuma au isikutume. Anza na vitano. Baada ya miaka mitano utakuwa na kitu ambacho wenye shahada za juu watakuja kukuomba, na utakapoomba nafasi ya uzamili, iwe hapa au kule kwenye taasisi ya masomo ya maji ya Delft, Uholanzi, hutaenda mikono mitupu. Kuhusu riziki nitasema kwa ufupi: kuna Mamlaka ya Rasilimali za Maji, kampuni za maji za kaunti, mashirika yanayofanya kazi kaskazini, na ofisi za washauri. Ujisajili kwa bodi ya wanajiolojia mapema uwezavyo, kwa kuwa bila usajili utakuwa ukiandika ripoti zinazobeba sahihi ya mtu mwingine, na hapo ndipo kurasa hupotea.

Binti Athi

Namshukuru kaka Mpimaji, na mengi aliyoyasema nayakubali, lakini naomba kuongeza na pia kumrekebisha kidogo. Mimi ni fundi sanifu niliyesomea stashahada katika Taasisi ya Maji ya Kenya, pale South C, na kwa miaka tisa kazi yangu imekuwa kuzunguka visima vya uangalizi, yaani vile visivyotolewa maji bali hupimwa kina tu.

Marekebisho yangu ni haya. Vipimo vingi vinavyotumika kusema kwamba maji ya Nairobi yameshuka vilichukuliwa kwenye visima vinavyotumika, na mara nyingi mpimaji hakuandika kama pampu ilikuwa imezimwa tangu lini. Kisima kilichozimwa dakika 20 zilizopita hakikuonyeshi kina cha mwamba, kinakuonyesha shimo lililo katikati ya kupumua. Nimewahi kupima kisima kimoja cha shule saa tatu asubuhi na tena saa kumi na mbili jioni ya siku iyo hiyo, siku ya Jumapili ambayo hakukuwa na wanafunzi, na maji yalikuwa yamepanda mita 11. Mtu akichukua kipimo cha asubuhi cha mwaka huu na cha jioni cha mwaka ujao, atatangaza habari njema isiyokuwepo. Akipindua, atatangaza msiba. Sisemi kwamba maji hayashuki, kwa sababu visima ninavyovifahamu vizuri, visivyopampiwa kabisa, vingi vimeshuka na ninaziamini nambari zake. Nasema kwamba yule anayetaka kuyalinda maji asitumie ushahidi dhaifu kwa kuwa tu unaunga mkono anachokiamini.

Siku hizi kuna vihisi vya shinikizo tunavyovitundika ndani ya kisima kwa waya, vikajiandikia kina kila saa, nasi tukaenda kupakua. Ni msaada mkubwa, lakini havijaondoa miguu ya mtu. Kihisi hukaa chini miezi mitatu, betri ikafa siku ya pili baada ya wewe kuondoka, na usijue. Kifuniko hushika kutu. Mlinzi hubadilishwa, na yule mpya hana ufunguo wala hajawahi kusikia habari zako, basi unaketi naye chini ya mti unamweleza tangu mwanzo kwa nini serikali inatuma mtu kutazama shimo lisilotoa maji. Sehemu hiyo ya kazi hawaifundishi, nami naipenda kuliko nyingine zote, kwa sababu mlinzi aliyeelewa hukupigia simu kukuambia kwamba jirani ameleta mtambo usiku.

Kuna pia wanaodhani setilaiti zitatufanyia kazi hii. Zile setilaiti pacha za GRACE, zilizorushwa mwaka 2002 na kufuatwa na nyingine mwaka 2018, hupima mabadiliko ya uvutano wa dunia na kutuambia kama eneo limepoteza maji au limeongezewa. Ni kazi ya kustaajabisha, lakini zinaona eneo la mamia ya kilomita kwa pamoja. Haziwezi kutofautisha Ruaka na Kitengela, achilia mbali kisima chako na cha jirani.

Na kwa kuwa umetaja uendelevu, kumbuka yaliyotokea Turkana. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba kule Lotikipi kumegunduliwa hazina ya maji ya ukubwa wa kustaajabisha, na vichwa vya magazeti vikasema ukame umepatiwa dawa. Picha za rada na hesabu zilionyesha mahali maji yanapoweza kuwa. Vipimo vilivyofuata vya maji yenyewe vilionyesha kwamba yana chumvi nyingi mno kwa mtu kunywa bila kusafishwa. Wenzetu wa Lotikipi walisubiri. Nilipokuwa nikisikiliza redio siku ile ya tangazo nilifurahi hadi nikalia, na sioni aibu kusema hivyo, lakini tangu hapo sitaji kiasi cha maji mbele ya mwananchi kabla sijajua ubora wake.

Kwa Mhitimu: kama nafasi ya kazi ya uangalizi itajitokeza, hata kama mshahara wake uko chini ya ule wa kampuni, ifikirie sana. Kaka Mpimaji anasema upime visima vitano kwa hiari yako. Ni wazo jema, lakini ukibanwa na tarehe za mtambo hutavirudia, nami nimewaona wengi wakishindwa kufikia hata mwaka wa pili.

Katibu wa Mtaa

Mimi si mtaalamu. Ni katibu wa chama cha wakazi katika mtaa mmoja wa nyumba 64, upande wa mashariki wa jiji, na nimesoma mjadala huu kwa makini kwa sababu sisi ndio wale wateja mnaowazungumzia.

Miaka michache iliyopita tulichangishana, kila nyumba, tukachimba kisima. Wapo waliokopa kwenye vyama vya akiba ili kutoa fungu lao. Ripoti ya uchunguzi tuliyopewa ilikuwa na kurasa nyingi na ramani za rangi, ikasema maji yapo, na kweli yalipatikana mengi. Siku yalipotoka tulipiga makofi, watoto wakaloana. Wiki mbili baadaye yakaja matokeo ya maabara: floraidi, madini yanayoharibu meno yakizidi, ilikuwa zaidi ya mara tatu ya kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kisizidishwe. Tulipomuuliza aliyeandika ripoti, alituambia kwa upole kwamba floraidi nyingi ni jambo la kawaida katika miamba ya volkano ya eneo hili na kwamba kila mtaalamu analijua hilo.

Kama kila mtaalamu alilijua, kwa nini sisi hatukuambiwa kabla ya kuchangishana? Leo tunayatumia maji hayo kufulia, kudekia na vyooni, na ya kunywa tunayanunua kwa mtungi kama tulivyokuwa tukifanya zamani. Waliojaribu kuyanywa kwa ukaidi wana watoto ambao meno yao ya utu uzima yameanza kuota yakiwa na madoa ya kahawia, na madoa hayo hayasuguliki. Tuliambiwa kuhusu mtambo wa kuchuja, lakini mtambo wenyewe hutupa sehemu ya maji yaliyobeba floraidi zaidi, na hakuna aliyeweza kutueleza tuyapeleke wapi hayo.

Kijana, nakuomba jambo moja ukiingia kwenye kazi hiyo. Katika ukurasa wa kwanza wa ripoti, kabla ya ramani, andika kwa Kiswahili au kwa Kiingereza cha kawaida: maji ya hapa huenda yakawa na floraidi nyingi, msichimbe kwa ajili ya kunywa kabla hamjapima visima vya jirani. Tungekulipa kwa sentensi hiyo. Pengine bado tungechimba, lakini tungejua tunachimba maji ya kufulia, na yule mama mjane wa nyumba ya 17 hangekopa.

Mhitimu wa Chiromo

Nawashukuru nyote, na Katibu, sentensi yako nimeinakili kwenye daftari langu kama ilivyo. Nimeongea na mama jana usiku, na nimeamua kuichukua kazi ya kampuni huku nikiendelea kuomba nafasi za uangalizi kama Dada Binti Athi alivyoshauri. Nina maswali mawili ya mwisho kwa Mpimaji. Nikitaka kuvirudia visima nilivyosimamia uchimbaji wake, nitapimaje iwapo pampu na mabomba yamekwisha kuteremshwa na shimo limefungwa juu? Na kipimo changu cha kwanza kabisa nikichukue lini?

Mpimaji wa Maji

Nianze kwa kumkubali Binti Athi: amenirekebisha pale ninapostahili, na sikutaja kwamba visima vyangu mwenyewe navipima kabla ya mapambazuko, baada ya kuomba pampu izimwe tangu jioni. Fanya hivyo hivyo, na katika kila mstari wa daftari uandike pampu ilizimwa saa ngapi na nani aliyekuambia. Kama huwezi kupata usiku mzima, bado pima, lakini vipimo hivyo uviwekee ukurasa wake. Na kwa Katibu sina utetezi wa kumpa kwa niaba ya fani yetu. Kupima visima vya jirani kabla ya kuandika ripoti huchukua nusu siku na chupa chache za sampuli, na hakuna sababu ya kuliacha.

Swali lako la kwanza lina jibu rahisi, ila lazima uwahi. Wakati mabomba ya pampu yanapoteremshwa, teremsha pamoja nayo mrija mwembamba wa plastiki, mpana wa kutosha dipa kupita, uufunge kwenye bomba kila baada ya mita chache na uufikishe karibu na pampu. Masharti ya kibali kwa kawaida huutaka mrija huo pamoja na mita ya kupimia maji yanayotolewa, lakini ni kitu cha kwanza kusahaulika siku ambayo kila mtu amechoka na lori linataka kuondoka. Ukilinganisha na gharama ya kisima kizima, bei yake ni ndogo sana. Ukiukosa siku hiyo, itabidi usubiri hadi pampu iharibike na kung'olewa, na dipa ukiishusha bila mrija itajizungusha kwenye nyaya za umeme na huenda usiitoe tena.

Simamia pia mahali machujio, yale mabomba yenye matundu ya kuingizia maji, yanapowekwa. Mafundi wengine hutoboa bomba la kinga, lile linalozuia kuta za shimo zisiporomoke, tangu juu hadi chini ili maji yaingie kwa wingi, na hapo maji ya tabaka tatu huchanganyika shimoni, ya juu yaliyochafuliwa na vyoo vya shimo pamoja na ya chini yenye floraidi. Kisima kikijengwa hivyo, kipimo chako cha kina hakitakuwa cha mwamba wowote, na mbaya zaidi, shimo hilo litakuwa mfereji wa uchafu kwenda chini kwa miaka yote litakayobaki wazi. Sehemu ya juu izibwe kwa saruji, nawe uwepo inapozibwa.

Kipimo cha kwanza kichukue kabla ya jaribio la kupampu, kisima kikiwa kimepumzika. Hicho ndicho utakachokilinganisha na vingine vyote, kwa hiyo kipime mara tatu. Weka alama ya rangi kwenye ukingo wa bomba, pima kutoka alama hiyo hiyo kila urudipo, na uandike kimo cha alama kutoka ardhini. Kuna kisima changu kimoja huko Karen ambacho vipimo vya miaka miwili sikuweza kuvitumia, kwa sababu mwenye nyumba aliinua sakafu ya kibanda cha pampu na kukata bomba, naye fundi wake akapaka rangi mpya mahali papya. Nilikuwa nimeandika kina kwa uangalifu mkubwa kila safari, lakini kimo cha alama sikuwa nimekiandika popote.